Kwa nini okestra irudi na vipande ambavyo kila mtu anavijua?

Swali: Mimi ni mwalimu mstaafu na nimeongoza kwaya ya kanisa huku Kayole, Nairobi, kwa zaidi ya miaka 30. Nimeona tangazo kwamba okestra ya simfoni ya hapa mjini inarudi kupiga mbele ya watu baada ya kimya cha korona. Wamepanga "Asubuhi" ya Grieg, Simfoni ya Tano ya Beethoven na ya Tisa ya Dvořák. Kitinda mimba wangu, anayejifunza klarineti, anasema hivyo ni vipande vya matangazo ya biashara na milio ya simu, na kwamba wamechagua vyepesi kwa sababu hawajafanya mazoezi. Je, ni kweli? Na mtu kama mimi, niliyezoea kwaya tu, nitaambulia nini? Sitaki kulipia tiketi tatu halafu nikae nikijiuliza nipige makofi lini.

Jibu: Mwalimu, shikamoo.

Niseme mapema kwamba mimi hupiga chelo, na baadhi ya watakaoketi jukwaani siku hiyo ni wenzangu na wanafunzi wangu. Lijue hilo unaponisoma.

Nianze na dai la kijana, kwa maana si lake peke yake. Nimelisikia hata kwa watu wazima wanaopiga ala. Ni kweli vipande hivi vimepita kwenye televisheni na kwenye simu. Lakini wepesi? Hapana, na wewe unaweza kumweleza kuliko mimi. Ukiifundisha kwaya wimbo mpya ambao kanisa zima halijawahi kuusikia, sauti ya kwanza wakikosea noti mbili, waumini hudhani ndivyo wimbo ulivyotungwa. Sasa wapeni "Haleluya" ya Handel Jumapili ya Pasaka. Kila mzee kwenye benchi anayo sauti yake kichwani tangu ujana, na teno wakichelewa kuingia nusu pigo tu, vichwa vinageuka. Wimbo unaojulikana una mashahidi.

Mwambie kijana atafute nakala ya klarineti ya Simfoni ya Tano, aangalie mstari wa kwanza. Kitu cha kwanza alichoandika Beethoven si noti. Ni pumziko la nusu pigo. Halafu zinakuja noti tatu fupi, halafu moja inayoshikiliwa kadiri mwongozaji atakavyo. Kwa solfa ni mi mi mi do, kisha re re re ti. Mtoto wa darasa la pili anaweza kuziimba. Sasa fikiria watu zaidi ya thelathini wakizianza kwa pamoja. Mkono wa mwongozaji unashuka, na unapofika chini, pale ambapo kila mwanamuziki amezoea kupiga, panatakiwa kimya. Sauti inakuja nusu pigo baadaye, kwa nguvu, kwa kasi ambayo hakuna aliyeisikia kwa sababu muziki haujaanza bado. Kwaya yako hupewa sauti na kinanda, nawe ukawahesabia moja, mbili. Hawa hawapewi chochote. Tena wanaopiga hapo ni nyuzi na klarineti mbili tu. Timpani, zile ngoma kubwa za okestra, na tarumbeta, ambazo zingeweza kufunika kosa, zimenyamaza. Mmoja akichomoka mapema ukumbi wote utamsikia, hata yule mtoto aliyeujua muziki huo kupitia simu ya babake.

Hayo ndiyo maisha ya okestra ambayo haijawahi kuachana. Hii iliachana.

Kisa cha kwanza cha korona nchini kilitangazwa tarehe 13 Machi 2020, na wiki mbili baadaye, tarehe 27, kafyu ikaanza kuanzia saa moja jioni. Wengi wa wanaopiga kwenye okestra za Nairobi hawali mshahara wa muziki. Utakuta daktari ameketi na mwanafunzi wa chuo, mwalimu na mtu wa benki, na wote hawa hukutana jioni baada ya kazi. Kwa hiyo kafyu haikupunguza mazoezi, iliyafuta. Ilikuja kuondolewa tarehe 20 Oktoba 2021, Siku ya Mashujaa. Hesabu mwenyewe.

Watu huniuliza: si mngejifunza kila mtu kwake, kisha mkutane? Tulijifunza. Nilipiga skeli zangu, zile ngazi za noti za kupanda na kushuka, kila asubuhi jikoni. Lakini okestra si jumla ya watu wanaojua kupiga. Ni mazoea ya kusikilizana, na mazoea hayo hayana pa kuwekwa mtu akiwa peke yake. Chukua mpiga timpani. Yuko nyuma kabisa, labda mita 12 kutoka kwa fidla ya kwanza. Sauti husafiri hewani kama mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo kile anachosikia kutoka mbele tayari kimechelewa kidogo, na akisubiri akisikie ndipo apige, mkwaju wake utakuja umechelewa maradufu masikioni mwenu. Lazima apige kwa macho: afuate mkono wa mwongozaji na uta wa mpiga fidla kiongozi, asiyaamini masikio yake. Ujuzi huo haupatikani jikoni. Kwa intaneti ndiyo kabisa. Tulijaribu jioni moja watu wanne kwenye vioo vya simu, kila mmoja akimngoja mwenzake, hadi wimbo ukasimama wenyewe.

Na ala nazo ziliteseka. Nyuzi za uta wa chelo ni singa za mkia wa farasi, na kuna mdudu mdogo anayependa giza la kasha lisilofunguliwa. Kiwavi chake hula singa hizo. Uta wangu wa pili nilikuwa sijaugusa kwa miezi mingi. Nilipofungua kasha, fungu zima lilining'inia kama lililokatwa kwa wembe. Ule wa kwanza ulinusurika kwa sababu ulikuwa ukitoka kila siku. Sugu za vidole vya mkono wa kushoto zilikuwa zimelainika, kwa maana skeli za nusu saa si sawa na mazoezi ya saa tatu. Wenzetu wa tarumbeta na tromboni hali yao ilikuwa mbaya zaidi: kazi yao inafanywa na misuli midogo ya midomo, na misuli hiyo ikilala haiamshwi kwa wiki moja.

Mazoezi ya kwanza ya pamoja niliyohudhuria yalinifundisha jambo ambalo sikulitarajia. Wapiga nyuzi huketi wawili wawili, stendi moja ya nota kati yao. Ukurasa ukiisha, aliyeketi upande wa ndani anageuza huku mwenzake akiendelea kupiga, wala msikilizaji hajui. Siku hiyo tuliketi mbalimbali, kila mtu na stendi yake, kwa ajili ya afya. Tulipofika mwisho wa ukurasa, chelo zote zikanyamaza kwa pamoja, mikono yote ikiwa kwenye karatasi. Palitokea shimo katikati ya muziki. Tulitazamana. Nadhani hapo ndipo wengi wetu tulipofahamu hasa tulichokuwa tumepoteza.

Kwa hiyo mtu aliyepanga programu yenu amefanya jambo la busara, nami namuunga mkono kabisa. Vipande hivi tayari viko mikononi mwa wapigaji wakongwe. Wamevipiga mara nyingi hata vidole vinajua njia. Vidole vikijua njia, macho yanaachana na karatasi na masikio yanakuwa huru kumtafuta jirani. Hicho ndicho okestra iliyokaa kimya inakihitaji kabla ya kingine chochote. Kuwapa utungo mpya wenye mapigo yanayobadilika kila baa ya nota kungewarudisha kila mmoja kwenye ukurasa wake, peke yake, kama walivyokuwa nyumbani.

Na usisahau vijana. Katika mji huu kuna watoto waliopata ala mikononi kupitia mipango kama Ghetto Classics, iliyoanza Korogocho mwaka 2008. Aliyekuwa na miaka 14 mlango ulipofungwa alifika 16 bila kuketi hata mara moja ndani ya okestra kamili. Kwake Simfoni ya Tano si kipande cha zamani. Nina mwanafunzi mmoja ambaye alikuwa akiijua noti nne zile na hakujua kwamba kuna dakika thelathini nyingine baada yake.

Kuhusu mazoezi, kijana wako ana haki ya kuuliza, kwa kuwa okestra isiyo na mazoezi ya kutosha hujulikana. Simfoni hiyo yenyewe ilizaliwa hivyo. Tarehe 22 Desemba 1808, mjini Vienna, Beethoven aliipiga kwa mara ya kwanza katika ukumbi uliokuwa baridi kali, kwenye onyesho la takriban saa nne. Usiku huohuo palisikika pia Simfoni ya Sita na tungo nyingine ndefu. Mazoezi yalikuwa haba. Katika kipande cha mwisho, fantasia ya piano, kwaya na okestra, wapigaji walipotezana hadi Beethoven akasimamisha na kuwaanzisha upya mbele ya watu. Basi utungo mzuri unaweza kustahimili usiku mbaya. Lakini nyinyi mmelipia usiku mzuri, na kutokana na ninayoyajua ya wiki hizi, wamejiandaa.

Sasa wewe, Mwalimu, na utakachoambulia. Hapa nitakaa kidogo, maana unakwenda ukiwa na kitu ambacho wengi ukumbini hawana: solfa.

Chukua wimbo wa obo ya alto, ala yenye sauti ya huzuni tulivu, katika sehemu ya pili ya Dvořák inayoitwa Largo. Uimbe: mi so so, mi re do, re mi so mi re. Sasa chukua "Asubuhi" ya Grieg, fluti ikianza na obo ikiitikia: so mi re do re mi, so mi re do. Umeona? Hakuna fa, hakuna ti. Ni sauti zilezile tano, do re mi so la, ambazo ziko kwenye nyimbo nyingi za wazee wetu, na ambazo kwaya yako huzishika bila kufundishwa. Mzungu wa Norway na Mcheki aliyekuwa akiishi New York wote waliingia kwenye nyumba hiyohiyo. Ndiyo maana nina hakika hutakuwa mgeni.

Na hiyo asubuhi ya Grieg si ya Norway kama wengi wanavyodhani. Aliitunga kwa ajili ya mchezo wa kuigiza wa Ibsen, na pale muziki unapoanza, mhusika mkuu yuko Moroko. Jua linalochomoza ni la Afrika.

Dvořák naye alikuwa New York akiongoza chuo cha muziki, na mmoja wa wanafunzi wa chuo hicho, Harry Burleigh, kijana Mwafrika wa Marekani ambaye babu yake aliwahi kuwa mtumwa, alikuwa akimwimbia nyimbo za kiroho za watu wake. Mwaka 1893 Dvořák alisema waziwazi kwamba muziki wa Marekani utapaswa kujengwa juu ya nyimbo za watu hao weusi, na Desemba mwaka huo simfoni hii ikapigwa kwa mara ya kwanza katika ukumbi wa Carnegie. Utasikia watu wakisema wimbo wa Largo ni wa kiroho wa zamani ambao yeye aliuchukua. Sivyo. Aliutunga mwenyewe, maneno yaliwekwa na mwanafunzi wake wa zamani mwaka 1922, ndipo ukaanza kuimbwa makanisani kama tenzi. Inawezekana kabisa umewahi kuufundisha.

Kabla ya wimbo huo kuanza, sikiliza ala za shaba. Zinapiga akodi chache, yaani noti kadhaa kwa pamoja, polepole mno, kwa sauti ya chini kama watu wanaoingia kanisani ibada imeshaanza. Hapo ndipo midomo iliyolala miaka miwili inapimwa. Kupiga tromboni kwa kishindo si kazi; kazi ni kuianzisha noti laini isikwame wala isitetemeke, wakati nyuzi zote zimenyamaza. Mpiga tuba anayo hadithi yake: katika simfoni nzima ya zaidi ya dakika arobaini, ana noti 14 tu, zote ndani ya Largo. Na anayepiga matoazi ana pigo moja, tena si la nguvu, katika sehemu ya mwisho. Mtu huyo amebeba ala yake kutoka nyumbani, amepanda matatu mbili, ameketi usiku kucha, kwa ajili ya pigo moja. Ukifanikiwa kulisikia nitafurahi sana.

Karibu na mwisho wa Largo wimbo unarudi kwa nyuzi chache tu, zimefungwa sauti, na ghafla unakatika. Kimya. Unaendelea noti kadhaa, unakatika tena. Nimepiga mahali hapo mara nyingi na bado mkono wangu hujawa uzito. Baada ya miaka hii, sitaki kukueleza yanamaanisha nini. Utaketi pale na wako uliowazika, nao wenzangu jukwaani wana wao.

Nina lawama moja kwa programu hii, na nimewaambia wahusika. Nchi ambayo wimbo wake wa taifa umetokana na wimbo wa Wapokomo wa kubembeleza mtoto, haikosi watunzi wala malighafi. Usiku wa kurudi ulistahili angalau dakika saba za mtunzi wa hapa. Grieg angebaki, muda ungetosha. Wamesema onyesho lijalo. Nitakuwa nikifuatilia.

Makofi. Usikubali yeyote akuaibishe kwa hili. Mwaka 1778 Mozart alimwandikia babake kutoka Paris kwamba katikati ya sehemu ya kwanza ya simfoni yake aliweka kifungu alichojua kitawapendeza, na kweli watu wakapiga makofi muziki ukiendelea. Alifurahi hata baada ya onyesho akaenda kula aisikrimu, kisha akasali rozari aliyokuwa ameiweka nadhiri. Na mwaka 1813 wasikilizaji wa Vienna waliidai sehemu ya pili ya Simfoni ya Saba ya Beethoven irudiwe papo hapo. Desturi ya kunyamaza hadi utungo mzima uishe ilikuja baadaye. Leo ndiyo inayofuatwa, na kanuni ya kuifuata ni nyepesi: tazama mikono ya mwongozaji. Ikiwa bado imeinuliwa, ngoja. Ikishuka ubavuni naye akageuka, pigeni hadi viganja viwake.

Mahali pawili pana mtego. Katika Beethoven, sehemu ya tatu haikomi. Inanyong'onyea hadi unabaki mdundo mdogo wa timpani, kisha bila pumziko inafumuka sehemu ya nne. Hapo ndipo tromboni tatu, pikolo (fluti ndogo ya sauti ya juu) na kontrafagoti (ala kubwa ya kupuliza yenye sauti nzito) zinaingia kwa mara ya kwanza katika hiyo Simfoni ya Tano. Watu hao wameketi kimya sehemu tatu nzima, na katika baridi yetu ya Julai lazima wapulize hewa ndani ya ala bila kutoa sauti, kwa sababu ala ya kupuliza iliyopoa hushuka sauti. Utawaona wakifanya hivyo. Ujue wakati unakaribia. Mtego wa pili ni mwisho wa Dvořák. Baada ya kishindo chote akodi ya mwisho haigongwi ikaisha, inashikiliwa na kufifia hadi isisikike. Daima kuna mtu anayeshangilia mapema na kuifunika. Mshike mkono aliye karibu nawe.

Fikeni mapema, angalau dakika ishirini. Hutataka kukosa obo ikitoa noti moja, la, na ala zote zikiitafuta ili zilingane sauti. Kwa mtu wa kwaya hiyo pekee inatosha kulipia tiketi. Kama kuna ghorofa, pandeni juu, hata kama viti vya chini vina heshima zaidi. Klarineti huketi katikati, nyuma ya viola, na kutoka chini kijana wako ataona stendi na visogo tu.

Akiwa juu, amtazame mpiga klarineti wa kwanza kabla ya Simfoni ya Tano kuanza. Atamwona akivuta pumzi mkono wa mwongozaji unapopanda. Kisha awaangalie wapiga fidla, ambao ala zao hazihitaji pumzi yoyote. Nao watavuta, wote kwa pamoja.